Kabla ya Kumshuku Mtu, Soma Mita

(Maongezi ya mwanachama mwenzetu siku ya maadhimisho ya miaka 10 ya kikundi, Nkende, Tarime)





Kamati iliponiita ilinipa mada hii: namna mkopo wa kikundi ulivyonisaidia kujenga nyumba. Ni mada nzuri, na nyumba kweli ninayo, bati lake mnaliona kutoka barabarani. Lakini nilimwomba Mwenyekiti anibadilishie. Habari ya kujenga mnaijua, na siku ya kuhamia mlikuja, mkala na mkacheza. Leo nataka kusema habari ya maji yaliyokuwa yakivuja ndani ya nyumba ile bila kuonekana, na jinsi yalivyonifanya nimkosee mtu. Nimeona afadhali niiseme mwenyewe hapa mbele yenu, maana wengi wenu mnajenga sasa, na jambo hili linaweza kumpata yeyote.

Akina mama, sisi wa umri wangu tumekua na ndoo kichwani. Mwaka 1971 serikali yetu ilianzisha mpango wa miaka 20, kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani. Mwaka 1991 ulifika ukapita, na wengi wetu tulikuwa bado tunashuka bondeni alfajiri na kupanda kilima na ndoo, mtoto mgongoni. Hivyo siku nilipofungua koki jikoni kwangu maji yakatoka, sikuona aibu, nililia. Nilisema, ndoo imeshuka kichwani, haitapanda tena.

Nyumba ilikuwa mpya kabisa. Mabomba yamefukiwa ukutani na chini ya sakafu, juu yake plasta na marumaru, huoni hata moja. Nilijua nyumba mbovu ndiyo inayovuja. Nyumba mpya ivuje nini?

Bili ya kwanza ilikuja na uniti 8. Sisi nyumbani tuko watano, nikaona ni sawa. Uniti moja ni lita 1,000, maana yake ndoo 50 za lita 20. Kwa hiyo uniti 8 ni ndoo 400 kwa mwezi, kama ndoo 13 kwa siku. Mwezi uliofuata zikaja uniti 15. Nikasema labda ni wageni wa msiba tuliokuwa nao. Mwezi wa tatu zikaja uniti 29.

Nilikaa chini nikapiga hesabu. Uniti 29 ni ndoo 1,450. Ndoo 48 kila siku! Hata mwenye kupika pombe ya arusi hamalizi maji hayo. Nikajiuliza, haya maji yanakwenda wapi? Sakafu kavu, ukuta mkavu, tanki halifuriki. Sasa mtu akishindwa kuona kitu, moyo wake unatafuta mtu. Na mtu wa karibu alikuwepo: mkamwana wangu, mke wa mwanangu wa pili. Mimi nashinda Sirari na ndizi zangu, yeye ndiye anayebaki nyumbani. Nikasema, huyu anauza maji kwa majirani, nikirudi jioni ananyamaza.

Sikumuuliza. Ningemuuliza ingekuwa afadhali. Nilinunua kufuli nikafunga koki ya nje. Nikatoa amri kwamba nguo hazifuliwi nyumbani, na koki ya jikoni haifunguliwi mpaka nirudi, isipokuwa maji ya kupikia. Yule binti hakujibu neno. Alijifunga mtoto mgongoni, akachukua ndoo na nguo za mtoto, akaenda chemchemi. Kila siku. Nyumba ina maji ndani, na mkamwana wangu anapanda kilima na ndoo kichwani kama mimi nilivyopanda. Majirani wanaona. Mimi niliona nimeshinda.

Bili iliyofuata ilikuwa uniti 27. Pungufu uniti mbili tu! Mwenye akili angetambua hapo hapo kwamba mwizi si mtu. Mimi nilisema, kumbe anafungua nikishaondoka. Nikaanza kumwambia mwanangu maneno. Nyumba ikawa nzito, watu tunakula kimya.

Wakati huo huo marejesho ya mkopo yakanishinda, awamu mbili mfululizo. Mnakumbuka mliniita. Nilikuja nimejiandaa kwa aibu, nikaeleza kuwa mkamwana ananifilisi kwa maji. Mweka Hazina wetu aliniangalia, akaniuliza, "Dada, ule mwaka sanduku lilipopungua, tulianza na mtu au tulianza na hesabu?"

Wageni wetu hawaijui habari hiyo, niwaeleze kwa kifupi. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa akina mama watatu tofauti. Mwaka wa nne wa kikundi tulifungua tukakuta pesa hazilingani na daftari. Wengine tulishaanza kutazamana. Mwenyekiti akasema hakuna kutaja jina la mtu mpaka tuhesabu upya hisa kwa hisa, kitabu kwa kitabu. Tulihesabu mpaka jioni. Ikaonekana hisa za mama mmoja ziliandikwa mara mbili. Hakuna aliyeiba. Tungetaja jina asubuhi ile, kikundi hiki leo kisingekuwa na miaka kumi.

Basi nikamjibu, "Tulianza na hesabu." Akasema, "Na maji ni hesabu. Umesoma mita usiku watu wote wamelala?" Nikasema sijasoma. Mita yenyewe nilikuwa sijawahi kufunua kifuniko chake.

Jioni ile nilimwita mkamwana. Macho yangu na hesabu ndogo ndogo havipatani tena, na yeye amesoma. Alishika tochi. Kwenye mita kuna tarakimu nyeusi, hizo ni uniti. Zipo na nyekundu, hizo ni visehemu vya uniti, yaani lita. Na kuna kigurudumu kidogo kama nyota, ambacho maji yakipita hata kidogo kinazunguka. Tulifunga koki zote, tukahakikisha tanki limejaa na boya limefunga. Tukarudi kwenye mita. Nyota ilikuwa inazunguka polepole, haisimami.

Akaandika tarakimu kwenye daftari saa nne usiku. Tukalala, hakuna aliyegusa maji. Saa kumi na moja alfajiri akasoma tena, akatoa. Akaniambia, "Mama, zimepita lita 210."

Lita 210 ni ndoo kumi na nusu, na watu wote walikuwa kitandani, na yeye nilimsikia akimbembeleza mtoto usiku chumba cha pili. Kwa saa moja ni lita 30. Kwa siku nzima lita 720. Kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 21 na zaidi. Toa hizo kwenye 29, unabaki na karibu 8 zile zile za mwezi wa kwanza. Hesabu ilikaa sawasawa kabisa. Tundu linalotoa nusu lita kwa dakika, chupa moja ndogo ya soda na kidogo juu yake, ndilo lililokuwa likila marejesho yangu. Mimi nilikuwa nimeshalipa jina la binti wa watu.

Akina mama, sasa niwape njia tuliyofuata, maana hii ndiyo mtakayokwenda nayo nyumbani.

Kwanza, pima wakati maji yapo kwenye bomba. Siku za mgao, maji yanaporudi hutanguliza hewa, na hewa nayo inaweza kuzungusha mita. Ukisoma saa hiyo utadanganyika. Usiku ndio mzuri, watu wachache wanatumia, na msukumo wa maji ni mkubwa.

Pili, tafuta upande. Funga geti valvu ya baada ya mita, ile inayopeleka maji ndani. Nyota ikiendelea kuzunguka, maji yanapotea kati ya mita na valvu, uani. Ikisimama, yanapotea mbele ya valvu, kuelekea nyumbani na ndani yake. Yangu ilisimama.

Tatu, ondoa vinavyoonekana kabla ya kuvunja visivyoonekana. Angalia boya la tanki. Angalia tangi la choo: tia humo rangi ya chakula, au chai kavu iliyochemshwa ikakolea, usivute kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli la choo, choo ndicho kinachovuja, na dawa yake ni mpira mdogo tu. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde inapoteza kama ndoo moja kwa siku. Si kidogo, lakini haiwezi kuleta ndoo 36. Kwa hiyo nikajua langu limefukiwa.

Nne, tafuta alama. Rangi ya ukuta inayobanduka chini, ukungu kwenye kona, marumaru inayolia tupu ukiigonga, unyevu kwenye msingi wakati mvua haijanyesha, majani mabichi sehemu moja peke yake kiangazi. Usiku pakitulia, weka sikio ukutani. Maji yanayovuja yana sauti kama ya mtu anayepuliza chai.

Hapo ndipo nilipojicheka. Nyuma ya bafu langu kuna shina la mgomba. Kiangazi kile migomba yote ilinyong'onyea, huo mmoja ulinenepa, mkungu wake hata mwanamume aliubeba kwa shida. Mimi nilikwenda nao Sirari nikijisifu kwa mbolea! Kumbe nilikuwa nauza maji ya bili kwa umbo la ndizi.

Fundi wa kwanza alikuja akatazama kwa dakika tano, akasema tuvunje sakafu yote ya bafu na ya korido. Nilimwomba anionyeshe kwanza maji yanapovuja. Akasema tutayaona tukishavunja. Nikamshukuru, akaenda. Wenzangu, fundi anayetaka kuvunja kabla ya kupima ni sawa na mimi niliyefunga kufuli kabla ya kuhesabu.

Wa pili alikuwa kijana mdogo. Alifunga bomba la kwenda jikoni, nyota ikazunguka. Akafungua hilo, akafunga la bafuni, nyota ikasimama. Akachukua nondo nyembamba, ncha moja akaiweka sakafuni na nyingine akaiegemeza karibu na sikio, akasogea hatua kwa hatua kama daktari anayepima kifua. Akafika chini ya bomba la mvua, akasema, "Mama, ni hapa." Nikamwambia, "Mura, ukikosea marumaru unalipa wewe." Akacheka. Alivunja marumaru nne tu. Chini yake kulikuwa na elbo yenye nyuzi za shaba, imezungushiwa tredi tepu kidogo mno, na maji yanachuruzika chini ya jamvi la zege, yanafuata mfereji wa bomba kwenda nje, moja kwa moja kwenye mgomba. Ndiyo maana sakafu ilikuwa kavu. Maji hayana haja ya kujitokeza mbele yako, yanatafuta njia ya chini.

Kile kiungo kipya bei yake haikufikia hisa moja ya kikundi chetu. Maji yaliyopotea kwa miezi ile mitatu yalikuwa karibu uniti 50, ndoo 2,500. Na sikuwa na wa kumdai. Utaratibu ni kwamba maji yakishapita kwenye mita ni ya mteja, na bomba la baada ya mita ni la mteja. Ukiwa na shaka kwamba mita yenyewe ni mbovu, una haki ya kupeleka malalamiko kwanza kwa mamlaka ya maji, na usiporidhika, mbele zaidi EWURA. Lakini mita yangu haikuwa na kosa. Ndiyo peke yake nyumbani kwangu iliyosema kweli muda wote.

Sasa kwa mnaojenga, shikeni haya:

1. Usikubali plasta wala marumaru kabla mabomba hayajapimwa kwa msukumo wa maji. Fundi mwenye kifaa chake atayajaza, atayasukuma kupita msukumo wa kawaida, na mshale wa kipimo usishuke. Asiye na kifaa, basi mabomba yajazwe maji na yakae wazi usiku kucha, asubuhi mpapase kila kiungo kwa mkono mkavu.

2. Piga picha za mabomba yote kwa simu kabla hayajafukiwa, na uchore ramani kwenye daftari ukiandika vipimo kutoka mlangoni. Siku ya kutundika kabati hutapiga msumari kwenye bomba.

3. Weka geti valvu ya jumla, na nyingine kwa jikoni, bafu na tanki. Ni gharama ndogo. Bila hizo yule kijana asingeweza kutenganisha.

4. Viungo vifukiwe vichache iwezekanavyo. Kwa mabomba ya PPR, yale yanayounganishwa kwa kuyeyushwa, kila kiungo kipashwe moto sawasawa, wala kisitikiswe mpaka kipoe. Bomba linalopita chini ya zege lilazwe kwenye mchanga, si juu ya mawe, maana udongo wa nyumba mpya bado unatitia.

5. Bakiza boksi moja la marumaru zilezile. Miaka ikipita hutazipata dukani.

6. Soma mita kila wiki siku ile ile tunayokutana, uandike nyuma ya daftari la hisa. Usingoje bili.

Nayasema haya kwa sababu maji yanakuja. Katika mradi wa maji wa miji 28, ambao mikataba yake ilisainiwa mwaka 2022 kwa mkopo wa India, Tarime na Rorya tumo, na ndugu zetu wa Mugumu pia wamo. Nyumba nyingi zitakuwa na mita ambazo zamani hazikuwa nazo. Na upotevu si wa nyumbani kwangu tu. Kwa miaka mingi taarifa za EWURA zimeonyesha kuwa katika mamlaka za maji za mijini zaidi ya asilimia 30 ya maji hupotea kabla ya kulipiwa, wakati lengo ni asilimia 20. Tunasema kumtua mama ndoo kichwani. Ni neno jema. Lakini mimi nilimtwisha mwenzangu ndoo ile ile, na bomba lilikuwa limeshafika.

Namalizia. Jioni ile fundi alipoondoka, nyota ya mita ilisimama. Nilimwita mkamwana, na mwanangu akiwepo, nikamwambia nimekukosea, nilikuita mwizi moyoni na kwa mume wako. Desturi yetu mnaijua, mama mkwe haombi radhi kirahisi. Hakusema nimekusamehe. Alisema, "Mama, ufunguo wa kufuli uko wapi?" Nikampa. Akaenda akafungua koki ya nje, akajaza beseni, akaanza kufua nguo za mtoto pale pale uani, mchana kweupe, majirani wanaona. Nilichukua kipande cha sabuni nikakaa upande wa pili wa beseni.

Bili iliyofuata ilikuwa uniti 8. Marejesho niliyalipa yote pamoja na faini, Mweka Hazina ni shahidi. Na kitabu cha kwanza cha hisa cha mkamwana nilimnunulia mimi. Yupo hapa leo, amekaa safu ya tatu, na ndiye anayesoma mita nyumbani.

Ndugu zangu, miaka kumi tumelindwa na kuhesabu kabla ya kutaja jina. Tuipeleke desturi hiyo majumbani mwetu.